Wizard: Mjuaji Kabla ya Mchawi

Ndugu zangu, asanteni. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, basi nivumilieni. Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili penye wizard, utakuta “mchawi”, na shughuli imeishia hapo. Kwangu haiishii hapo. Neno hili lilipoingia kwenye maandishi ya Kiingereza, karne ya 15, lilimtaja mtu mwenye hekima. Mwanzo wake ni wise. Lakini tazameni mkia: -ard. Mkia huo Waingereza waliupata kwa Wafaransa, na wakimbandika mtu, mara nyingi si kwa heshima. Drunkard ni mlevi. Coward ni mwoga. Sluggard ni mvivu. Sasa mwenye hekima akivishwa mkia wa walevi na waoga, hekima yake imebaki salama? Mtu huyo sisi tunamjua vizuri. Ni mjuaji!

Namwona mmoja kule nyuma anataka kuniambia kwamba wizard ni dume la witch, yaani mchawi wa kike. Shusha mkono, ndugu yangu. Maneno hayo hayana undugu. Katika Kiingereza cha kale witch lilikuwa na umbo lake la kiume, wicca, na la kike, wicce. Mwanamume hakukosa jina hata akaazimiwa la jirani. Wizard lilisogezwa kwa wachawi karne ya 16, wakati msomi wa nyota na mpiga ramli walitiwa kapu moja, na sheria za Uingereza za 1542, 1563 na 1604 zikaweza kumfikisha mtu kitanzini kwa uchawi. Ujuaji ukawa hatari.

Na hapo ndipo ninapompenda mzee George Jacobs. Mtasema huyu naye na Jacobs wake! Ndiyo. Ni Salem, Massachusetts, koloni la Waingereza, Mei 1692. Mzee anatembea kwa magongo mawili, kafikishwa mbele ya mahakimu, na miongoni mwa wanaomshtaki yumo mtumishi wake mwenyewe. Mzee anacheka. Unacheka nini? Nacheka kwa kuwa nasingiziwa. Kisha anawatupia maneno ambayo karani aliyaandika: mkinishtaki kuwa wizard, mngeweza vilevile kunishtaki kuwa buzzard. Buzzard ni ndege wa jamii ya mwewe. Sikilizeni vina! Mkia uleule! Mtaniambia mzee hakuwa mwanaisimu, alikuwa anatania tu. Haya, alikuwa anatania. Lakini mwenye kutania kwa lugha yake huisikia kuliko mtunga kamusi, na yeye alisikia jinsi neno lile lilivyo jepesi, linavyoweza kubandikwa mtu yeyote, hata ndege. Mjukuu wake Margaret, aliyemtaja babu ili ajiokoe, alikana maneno yake kabla ya siku ya hukumu kutekelezwa. Haikusaidia. Jacobs alinyongwa Agosti 19.

Nikimbie sasa, muda umekwenda. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilifuta kosa la uchawi, likabaki kumwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo. Neno likapoteza kamba yake, na neno lisiloua mtu huweza kusifia mtu. Mwaka 1878 Thomas Edison, kwa ajili ya mashine yake ya kunasa sauti, aliitwa na magazeti Wizard wa Menlo Park, mahali palipokuwa na maabara yake. Hakuna aliyemtafutia mti. Marubani wa kivita wa Uingereza, Vita Kuu ya Pili, walilitumia kama sisi tunavyosema “safi sana”. Halafu kompyuta: miaka ya 1990 Microsoft ikakipa jina hilo kidirisha kinachokuuliza swali mojamoja na kukushika mkono ili ufanye usichokijua.

Na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wa Marekani lililowatesa na kuwaua watu weusi, waliompa mkuu wao jina la Grand Wizard mwaka 1867? Hilo nilitaka nilikalie, maana hapo sifa na kitanzi vimekutana tena, ila mwenyekiti ameshasimama. Haya, maswali.