Kura Iliyotangulia Haki: Ali Wazir na Kiti cha Waziristan Kusini

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Niliombwa nizungumze kuhusu uchaguzi katika maeneo ya mipakani ambako dola huingia kwa bunduki kabla ya kuingia kwa shule na mahakama, nami nimeona ni heri nimfuate mtu mmoja tu, tangu aliposhindwa mara ya kwanza hadi alipoingia bungeni na yaliyomkuta humo. Mtu huyo ni Ali Wazir, Mpashtuni wa ukoo wa Ahmadzai katika kabila la Wazir, mwenyeji wa Wana, Waziristan Kusini, ng'ambo ya mpaka wa Afghanistan upande wa Pakistan. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanaonyesha wazi jambo ambalo vitabu vya demokrasia hulipita mbio: kwamba kura inaweza kumfikia mtu miaka mingi kabla haki zake hazijamfikia, na kwamba mtu wa namna hiyo huilipia kura yake kwa bei ambayo wapiga kura wa kwingineko hawajapata kuulizwa.

Ili tumwelewe, lazima tuanze na sheria aliyozaliwa chini yake. Waingereza walipotawala Bara Hindi walitunga mwaka 1901 kanuni za makosa ya jinai za mpakani, na kanuni hizo ndizo zilizoendelea kuyatawala maeneo ya makabila ya mpakani, Waziristan ikiwemo, baada ya Pakistan kupata uhuru mwaka 1947, muda wa zaidi ya miaka 70. Mwenye madaraka yote alikuwa ofisa mmoja aliyeitwa wakala wa kisiasa. Yeye ndiye aliyekamata, ndiye aliyeteua wazee wa baraza la kusikiliza shauri, na ndiye aliyetoa hukumu, wala mshtakiwa hakuwa na wakili wala mahakama ya juu ya kukimbilia. Kubwa kuliko yote, kosa la mmoja lilikuwa kosa la ukoo mzima. Mtu akiuawa katika eneo la kabila fulani, ofisa aliweza kuwafunga ndugu, kukamata magari, kufunga maduka na kubomoa nyumba za watu ambao siku hiyo hata hawakuwepo. Wale wenu mnaotoka Garissa, Wajir au Mandera mtaitambua sura ya sheria hii, maana serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga mwaka 1934 sheria yake ya Wilaya Maalumu, nayo ilimpa mtawala uwezo wa kulitangaza kabila zima kuwa adui na kukamata watu wake na mali zao kwa jumla. Haikuwa bahati mbaya kwamba sheria hizo zilifanana. Watawala walikuwa wa dola moja, na walichokijaribu mpaka huu walikitumia mpaka ule.

Katika utaratibu huo, kura ilikuwa mali ya wazee wachache. Hao waliitwa malik, watu waliotambuliwa na serikali na kulipwa posho yake, na hadi uchaguzi wa mwaka 1993 ni wao tu, takriban 35,000 katika eneo lenye watu wapatao milioni 3, waliopiga kura kuchagua wabunge wa maeneo ya makabila. Haki ya kila mtu mzima kupiga kura ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 1996 na kutumika kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Hata hivyo, vyama vya siasa viliendelea kukatazwa huko hadi mwaka 2011, kwa hiyo uchaguzi wa kwanza ambao mgombea aliweza kusimama kwa jina la chama chake ulikuwa ule wa 2013.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa sababu ndipo penye fundo la mhadhara wangu. Maeneo haya yalikuwa na viti 12 katika Bunge la Taifa na 8 katika Seneti. Lakini ibara ya 247 ya Katiba ya 1973 ilisema kwamba hakuna sheria ya Bunge itakayotumika katika maeneo hayo isipokuwa Rais aamuru hivyo, na kwamba Mahakama Kuu na Mahakama ya Upeo hazina mamlaka juu yake. Fikirini maana ya jambo hili. Mbunge wa Waziristan aliketi Islamabad akapiga kura kuhusu kodi ya mfanyabiashara wa Lahore na adhabu ya mwizi wa Karachi, lakini hakuwa na uwezo wa kutunga hata mstari mmoja wa sheria kwa ajili ya watu waliomchagua. Mpiga kura wake naye alirudi kutoka kituoni na kidole chenye wino, na jioni ileile aliweza kufungwa bila hukumu kwa kosa la binamu yake.

Mtu kama huyo alikuwa Ali Wazir mwenyewe. Baba yake, Mirza Alam, alikuwa malik mkubwa wa Waahmadzai. Baada ya mwaka 2001, wapiganaji waliokimbia vita vya Afghanistan walivuka mpaka wakaweka maskani Waziristan, na watu wa ukoo huu walipaza sauti kuwapinga na kuilaumu serikali kwa kuwaachia. Mwaka 2003 akauawa kaka yake Farooq, mwanaharakati wa siasa. Mwaka 2005 baba yake, kaka zake, ami yake na binamu yake waliuawa pamoja katika shambulio moja la kuvizia barabarani. Ali hakuwepo kuwazika. Alikuwa gerezani chini ya zile kanuni za 1901, bila kesi na bila hukumu, kwa misingi ya wajibu wa pamoja. Miaka iliyofuata waliuawa ndugu zake wengine, hata idadi ya waliouawa katika ukoo ikapita 15.

Mwenyewe ameeleza baadaye walichofanyiwa katika mali zao, na maelezo hayo nimeyasoma mara nyingi kwa uchungu. Wapiganaji walibomoa vituo vya mafuta vya familia, kisha matofali yake wakayatumia kujengea vyoo, wakidai kwamba matofali ya watu walioritadi hayafai kujengewa nyumba ya heshima. Mashamba yao ya matufaha na mapichi kule Wana yalinyunyiziwa sumu, na visima vya pampu vilivyoyanywesha vikajazwa matope. Anayejua kilimo cha miti ya matunda ataelewa: mti wa tufaha hukuzwa kwa miaka, na aliyeuua pamoja na kisima chake amekusudia kwamba mwenye shamba asirudi.

Alirudi, na akaomba kura. Aligombea mwaka 2008 akashindwa. Aligombea tena mwaka 2013 akashindwa kwa kura zaidi kidogo ya 300, na kwa maelezo yake wapiga kura walitishwa na wafuasi wake kuteswa na wapiganaji wenye silaha. Ninaomba msiipite haraka namba hiyo. Mgombea aliyeuawiwa ndugu wengi kiasi hicho, asiye na mlinzi katika mji ambao bunduki zilikuwa za wapinzani wake, alikaribia kushinda kiasi hicho. Mimi nadhani wakati huo ndipo Waziristan ilipokwisha kusema neno lake, ingawa ushindi wenyewe ulikuja miaka mitano baadaye.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2016, bomu lilimuua ofisa wa jeshi katika soko la familia yao mjini Wana. Serikali ikalilipua soko zima kwa baruti. Watu wa mji walipotaka kuchangishana ili kuisaidia familia, walikatazwa, kwa hoja kwamba kuwasaidia walioadhibiwa kungefanya adhabu ya pamoja ipoteze makali yake. Tayari kulikuwa na marekebisho ya mwaka 2011 yaliyowaondoa wanawake, watoto na wazee katika ukamataji wa jumla, na tayari kulikuwa na kura ya kila mtu na vyama vya siasa, lakini soko lilibomolewa vilevile.

Mwezi Januari 2018 kijana kutoka Waziristan, Naqeebullah Mehsud, aliuawa na polisi jijini Karachi katika kile kilichoitwa mapambano na magaidi. Kifo hicho kiliwatoa vijana barabarani, wakaandamana hadi Islamabad, na likazaliwa Vuguvugu la Kuwalinda Wapashtuni likiongozwa na Manzoor Pashteen. Madai yao yalikuwa ya kawaida kabisa kwa mtu yeyote anayeishi chini ya sheria: waliopotezwa wafikishwe mahakamani, mabomu yaliyofukiwa ardhini yaondolewe, watu wasidhalilishwe kwenye vizuizi vya barabarani. Ali Wazir alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wapo ndani ya vuguvugu waliotaka likae mbali na Bunge, na Ali Wazir na mwenzake Mohsin Dawar wa Waziristan Kaskazini walisimama kama wagombea binafsi.

Mwishoni mwa Mei 2018 marekebisho ya 25 ya Katiba yaliyaunganisha maeneo ya makabila na mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa na kuifuta ibara ya 247. Siku 55 baadaye, tarehe 25 Julai, Ali Wazir alichaguliwa katika jimbo la NA-50 kwa zaidi ya kura 23,000. Chama cha Imran Khan, kilichoshinda uchaguzi huo kitaifa, hakikusimamisha mgombea dhidi yake. Kwa hiyo alikuwa miongoni mwa wabunge wa kwanza wa Waziristan walioingia Islamabad wakiwa na uwezo wa kisheria wa kuwatungia sheria watu wao.

Mtategemea sasa niwaeleze alivyoutumia uwezo huo. Sitaweza kueleza mengi, kwa sababu muda mwingi hakuwepo bungeni. Tarehe 26 Mei 2019 watu waliuawa kwenye kizuizi cha Khar Qamar, Waziristan Kaskazini. Jeshi lilisema kituo chake kilishambuliwa, vuguvugu likasema waliopigwa risasi walikuwa waandamanaji wasio na silaha. Wabunge wote wawili walikamatwa, wakakaa ndani hadi Septemba. Tarehe 20 Julai mwaka huohuo, watu wao walipopiga kura kwa mara ya kwanza katika historia kuchagua wajumbe wa bunge la mkoa, wabunge wao wa taifa walikuwa gerezani. Mwezi Mei 2020 binamu yake, Arif Wazir, aliyekuwa naye katika vuguvugu, alifariki kwa risasi alizopigwa Wana. Tarehe 16 Desemba 2020 Ali Wazir alikamatwa tena mjini Peshawar, akakabidhiwa kwa polisi wa mkoa wa Sindh na kupelekwa Karachi kwa mashtaka ya uchochezi yaliyotokana na hotuba aliyoitoa huko. Mahakama ya Upeo ilimpa dhamana katika kesi moja mwaka 2021, lakini kesi nyingine zikamshikilia, na hakutoka hadi Februari 2023. Bunge lile lilidumu tangu Agosti 2018 hadi Agosti 2023, miezi 60. Ukijumlisha vipindi hivyo viwili, mbunge wa NA-50 alikuwa kizuizini kwa muda wa karibu miezi 30, yaani nusu.

Wapo wanaosema kwamba maneno yake juu ya jeshi yalikuwa makali mno, na kwamba mbunge ana wajibu wa kupima ulimi wake. Nalikubali hilo la ulimi. Lakini nusu ya muhula ni adhabu waliyopewa wapiga kura wake pia, nao hawakusimama jukwaani Karachi. Ibara ya 247 ilikwisha futwa, kanuni za 1901 zilikwisha ondolewa, na bado watu wa Wana walikaa bila mwakilishi kwa sababu ya kosa lililodaiwa kufanywa na mtu mmoja. Kwa macho yangu, hiyo ni adhabu ya pamoja iliyorudi kwa mlango wa mahakama.

Kuna jambo moja la bungeni ambalo lazima nilitaje. Marekebisho yaleyale yaliyoleta haki yalipunguza viti vya maeneo ya makabila katika Bunge la Taifa kutoka 12 hadi 6, kuanzia uchaguzi uliofuata. Mohsin Dawar aliwasilisha muswada binafsi wa kuvihifadhi viti 12, na tarehe 13 Mei 2019 Bunge la Taifa liliupitisha kwa kauli moja, serikali na upinzani pamoja, jambo ambalo kwa siasa za Pakistan za miaka ile ni nadra mno. Ulihitaji kupita Seneti, haukupita. Siku 13 baada ya kura ile ya kauli moja, aliyeuwasilisha alikuwa kwenye mkasa wa Khar Qamar.

Ulipofika uchaguzi wa Februari 2024, viti viwili vya Waziristan Kusini vilikwisha kuwa kimoja, NA-42, na Wawazir wa Wana na Wamahsud wa milimani, makabila jirani yaliyokuwa na wabunge tofauti, wakatakiwa kumchagua mtu mmoja. Ali Wazir aligombea, akashindwa na mgombea aliyeungwa mkono na chama cha Imran Khan. Mwezi Agosti alikamatwa tena Islamabad, na mwezi Oktoba serikali ikalipiga marufuku vuguvugu lake. Jimbo la NA-50 la Waziristan Kusini, lililompa zile kura zaidi ya 23,000, halimo tena katika ramani ya Tume ya Uchaguzi.