Sensa ya mwendo kwenye padi ya gemu: inafaa wapi, inaharibika vipi

Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu. Naona wenye mabanda ya gemu wa Ngamiani mmejaa safu za mbele, basi tutazungumza kazi.

Sensa za mwendo, yaani vifaa vya ndani ya padi vinavyohisi mkono unavyoisogeza, zilivuma mwaka 2006. Nintendo walitoa Wii, watu wakacheza tenisi kwa kupunga mikono sebuleni. Mwaka huohuo PlayStation 3 ikaja na padi ya Sixaxis. Msisimko ulipopoa, wengi wakaamua kwamba haya ni mambo ya watoto. Kupunga mikono, sawa, hata mimi sina haja nako. Faida ya sensa iko kwenye kulenga shabaha, kwa mizunguko midogo ya kifundo cha mkono.

Kijiti cha analogi, kile cha kidole gumba, hakiipeleki kamera (mtazamo wa kwenye skrini) mahali; kinaiambia iende kwa kasi gani, nawe unatakiwa ukiachie kwa wakati wake. Ukichelewa, umeipita shabaha. Ndiyo maana gemu nyingi za kufyatua risasi humsaidia mchezaji wa padi kulenga, tena kimyakimya. Jairoskopu, sensa inayohisi padi inavyozunguka, inafuata mzunguko wenyewe. Ukigeuza padi digrii 5 na usikivu ukiwa 3, kamera inageuka digrii 15. Mkono ukisimama, kamera nayo inasimama. Gemu ya Splatoon ya mwaka 2015 ilijengwa juu ya jambo hili. Kwa gemu za mpira, niseme ukweli, hamna cha kupata. Na kuendesha gari kwa kuinamisha padi kunachosha mikono bure.

Sasa ubovu. DualShock 4, padi ya PS4, ina jairoskopu na akselerometa (kipima mchapuko), kila moja ya mihimili mitatu. Jairoskopu hupima kasi ya mzunguko tu, na programu ndiyo inayojumlisha. Ikikosea nusu digrii kwa sekunde, baada ya dakika moja umehama digrii 30 na padi haijaguswa. Akselerometa inajua chini ni wapi kwa sababu ya mvutano wa dunia, kwa hiyo inasahihisha mwinamo wa mbele-nyuma na wa ubavuni. Kugeuka kushoto au kulia hakubadilishi upande wa chini, kwa hiyo hapo haina msaada, na kamera ndiko inakohamia.

Joto nalo limo. Kosa hilo hubadilika sensa inapopata moto, na banda la bati saa saba mchana mnalijua wenyewe. Msisawazishe padi, yaani msiifundishe sensa utulivu ni upi, ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Ichezewe dakika 10 kwanza. Kisha ilazeni juu ya sakafu au meza tulivu, isiyo na spika wala feni, fungueni usawazishaji kwenye mipangilio ya Steam (programu ya gemu za kompyuta) au ya Switch (mashine ya Nintendo), na asiiguse mtu mpaka imalize. Meza ikitikisika, sensa itauchukua mtikisiko ule kuwa ndiyo utulivu, na padi itatoka mbaya kuliko ilivyoingia.

Kabla ya kuilaumu sensa, izimeni. Kamera ikiendelea kuhama, mgonjwa ni kijiti.

Kwa kuanza, wekeni usikivu 2 au 3, na sensa ifanye kazi pale tu L2, kitufe cha nyuma kushoto, inaposhikiliwa. Kijiti kifanye mageuzi makubwa, mkono umalizie. Mkono ukifika mwisho, achia L2, rudisha padi katikati, shika tena. Ulainishaji wa mwendo uzimwe, maana unachelewesha picha. Mtetemo upunguzwe pia: mota zile zinaitikisa sensa iliyo ndani ya ganda hilohilo. Viwiko vipumzike mapajani. Mwenye mkono unaotetemeka asilazimishwe. Apewe usikivu wa chini au arudi kwenye kijiti.

Banda lenye padi nyingi za Bluetooth karibukaribu linaweza kuona kamera ikirukaruka, kwani mawasiliano yanagongana. Tumieni waya.

La mwisho ni ununuzi. Padi feki nyingine hazina sensa kabisa, ingawa ganda linafanana. Ukiwa dukani na PS4, fungua kibodi ya kwenye skrini, bonyeza R3 (kijiti cha kulia, kikandamize ndani), uinamishe padi: kielekezi kikisogea, sensa ipo. Kisogee pande zote nne, kisha uitulize padi mezani. Kikiendelea kutambaa chenyewe, shusha bei au rudisha. Xbox msiwasumbue wauzaji. Padi zake za kawaida hazikuwekewa jairoskopu.

Haya, maswali.