Mara 11 kwenye ngazi zilezile

KITO: Tuko hewani? Haya. Leo jamani nimekuja na karatasi, msicheke. Nimeandika mambo 5 ya kumwambia mtu wa leo anayetaka kurudi kucheza zile RPG za zamani za kompyuta, yaani gemu za kuwa mhusika kwenye stori na kupanda levo, yamepangwa la kwanza mpaka la tano, na leo tunayamaliza yote kwa wakati, sio kama wiki iliyopita.

ZUHURA: Mimi nimekufa mara 11.

KITO: Nlikua nafika huko, dada.

ZUHURA: Mara 11 Kito, Jumanne usiku, sehemu moja, mtu mmoja. Hiyo karatasi itasubiri.

KITO: Haya wasimulie watu.

ZUHURA: Wanaotusikiliza wananijua, mimi nimeingilia kwa Baldur's Gate 3, ile ya 2023, nimeimaliza mara mbili na nikajiona mjuzi. Sasa wewe na midomo yako ukawa unanipiga vijembe humu kila wiki, eti utamjuaje mtoto hujafika kwa mama yake. Basi nikaenda kwa mama yake. Nikachukua ile ya kwanza, ya 1998, toleo lililofanyiwa ukarabati lakini gemu ni ileile, nikatengeneza mchawi maana mimi ni mchawi siku zote, nikatoka Candlekeep nilikolelewa, mzee aliyenilea akauawa mbele ya macho yangu, nikatembea na Imoen, binti mwenzangu wa safari, mpaka nyumba ya wageni ya Friendly Arm Inn kama nilivyoelekezwa. Pale kwenye ngazi kuna kijamaa. Kinakuuliza jina, kwa adabu kabisa.

KITO: Tarnesh!

ZUHURA: Na mimi nikamjibu! Nimelelewa, mtu akiniuliza jina najibu. Kumbe katumwa kuniua. Mara akajizidisha akawa watu wengi sijui nimpige yupi, mara mtu wangu kapigwa uchawi wa hofu anakimbia uwanja mzima kama kuku aliyeona kisu, mara vimshale, tayari, nimekufa. Naloudi. Nimekufa. Naloudi, safari hii nampiga mimi kwanza, nakosa, nakosa, nakosa, nimekufa.

KITO: Mchawi wa levo ya kwanza huyo, dadu lake la uhai lina pande 4. Yaani kama mwili wake ni wa kawaida ana pointi 4 za uhai, basi. Kwenye ile gemu hata mbwa mwitu mmoja ni janga la taifa.

ZUHURA: Pointi 4! Kwani huyo ni shujaa wa stori au ni kikombe cha udongo?

KITO: Na hapo ndo tunaingia la kwanza kwenye karatasi yangu. Soma namba zako kabla hujapigana. Asante, umenipeleka vizuri.

ZUHURA: Nilizisoma!

KITO: Ulizisoma?

ZUHURA: Nilizisoma kabisa. Niliona Imoen kavaa lile vazi la ngozi na namba yake ya ulinzi iko chini. Nikasema huyu mtoto vazi gani hili linampunguzia ulinzi. Nikamvua. Namba ikapanda. Nikafurahi.

KITO: ...

ZUHURA: Usininyamazie.

KITO: Ulimvua Imoen.

ZUHURA: Namba ilipanda Kito!

KITO: [anacheka mpaka maiki inatetemeka] Subiri, subiri nifute machozi. Umempeleka binti wa watu kwa muuaji, mara 11, bila nguo ya kujikinga, kwa sababu ya hesabu.

ZUHURA: Kwa sababu ya hesabu iliyopinduka! Nani anatengeneza mfumo ambao ulinzi mzuri ni namba ndogo? Halafu kuna ile nyingine, THAC0, nimeisoma maelezo yake mara 3 na kila nikimaliza nakua mjinga zaidi ya nilivyoanza.

KITO: THAC0 nakuelezea dakika moja halafu tunarudi la kwanza.

ZUHURA: Dakika moja, haya.

KITO: THAC0 ni deni.

ZUHURA: Deni?

KITO: Deni. Wewe mchawi wa levo 1 una THAC0 ya 20, maana yake unadaiwa 20. Ukitaka kumpiga mtu ni lazima ulipe. Sasa adui naye ana namba yake ya ulinzi, AC, asiyevaa kitu ana 10. Hiyo 10 inakupunguzia deni. 20 toa 10, umebaki unadaiwa 10. Unarusha dadu la pande 20, ikija 10 au zaidi, umelipa, umempiga. Ikija 9, hujalipa, umekosa.

ZUHURA: Mh. Endelea.

KITO: Adui akivaa chuma kizito AC yake inashuka, tuseme 3. Anakupunguzia 3 tu. Unadaiwa 17. Ndo maana namba ndogo ni nzuri kwake, ni mtu mgumu huyo, hasamehi.

ZUHURA: Kwa hiyo Imoen nilipomvua...

KITO: Ulimfanya awe mkarimu. Kila anayekuja kumpiga anasamehewa deni mlangoni.

ZUHURA: Ee Mungu wangu. Na wale wenye AC ya kutoa, ya chini ya sifuri? Niliona mahali mtu ana -3.

KITO: Huyo anakuongezea. Unadaiwa 23 na dadu lako mwisho wake 20.

ZUHURA: Huyo sasa ni mkopo wa kwenye simu.

KITO: [kicheko] Huyo ndiyo. Unampata kwa bahati tu, dadu likisimama kwenye 20 yenyewe.

ZUHURA: Na kupanda levo?

KITO: Deni la msingi linashuka. Mpiganaji wa levo 7 ana THAC0 ya 14. Katulia, anaheshimika, majina yake yametoka kwenye daftari la duka. Mchawi anashuka polepole, wewe utaendelea kudaiwa muda mrefu tu.

ZUHURA: Sawa, nimeelewa. Hapana subiri sijaelewa. Pete inayosema +1 ya kujikinga. Nimeivaa, AC imeshuka. Imeandikwa kuongeza, imepunguza!

KITO: Eeh.

ZUHURA: Eeh nini?

KITO: Ni hivyo tu. +1 maana yake ni nzuri kwako, sio kwamba namba inapanda. Usitafute akili hapo. Yale ni mabaki ya vitabu vya gemu ya mezani ya Dungeons & Dragons, toleo la pili, la 1989. Wenyewe waliligeuza mwaka 2000 kwenye toleo la tatu, AC kubwa ikawa ndo nzuri kama binadamu wengine. Lakini Baldur's Gate ilishatoka, na ya pili ikatoka mwaka huohuo 2000 bado ina hesabu ya zamani.

ZUHURA: Kwa hiyo wao wenyewe waliona ni upuuzi.

KITO: Waliona inachosha. Sio upuuzi.

ZUHURA: Kito, mimi nadaiwa 20, Imoen anasamehe watu, pete inaongeza kwa kupunguza. Upuuzi ni nini basi?

KITO: Tumeshakula dakika ngapi? Turudi. La kwanza. Ulimpitaje Tarnesh mwishowe, maana leo uko hai.

ZUHURA: Nilishusha ugumu.

KITO: Ulishusha...

ZUHURA: Lile toleo jipya lina chaguo la kufuata stori tu, watu wako hawafi. Nikaliweka, nikapanda ngazi, nikamuua yule mshenzi, nikarudisha ugumu wa kawaida, nikaendelea na maisha yangu.

KITO: Hapana.

ZUHURA: Nlijua.

KITO: Hapana dada, na hapa sitanii. Zile ngazi ndo somo. Ile gemu haikuandikii kwenye skrini kwamba mchawi akipigwa katikati ya kusoma uchawi, uchawi unakatika. Inakuachia Imoen ana upinde, inakuachia batani ya kusimamisha muda, halafu inakuweka mbele ya mchawi. Ungempiga mishale pale anapofungua mdomo. Kufa kwa mara ya 5 kungekuambia, mara ya 12 ungempiga, na ungekua unajua kitu ambacho kinakubeba mpaka mwisho wa gemu. Sasa umepita na hujui.

ZUHURA: Nimejua sasa hivi, umeniambia.

KITO: Kuambiwa sio kujua.

ZUHURA: Ndo hapo mimi na wewe tunaachana. Mimi sikushindwa na Tarnesh, nilishindwa na kutojua sheria. Kwenye Baldur's Gate 3 nikimlenga mtu naona asilimia ya kumpata, najua nafanya kamari gani. Nikikosa nalia lakini najua kwa nini. Huku dadu linarushwa gizani, naona tu mchawi wangu anapunga fimbo hewani kama anafukuza nzi.

KITO: Unaweza kuwasha maandishi ya dadu kule chini, yanakuonyesha.

ZUHURA: Yako kwenye menyu ya ndani ya menyu! Nani ataenda huko?

KITO: Mtu aliyesoma kitabu. Zamani boksi lilikuja na kitabu, na kitabu kilikua nusu ya gemu. Pool of Radiance ya 1988 ilikua inakuambia kwenye skrini nenda kasome aya fulani kwenye jarida. Wasteland mwaka huohuo hivyo hivyo, tena walichomekea aya za uongo, kuna stori nzima ya Mars humo ambayo haipo kwenye gemu, kwa ajili ya kumshika anayesoma mbele bila kufikishwa na gemu. Huo ni usanii.

ZUHURA: Huo ulikua ufinyu wa disketi. Maneno hayakuenea wakayahamishia kwenye karatasi. Mars ni utani mzuri, nakupa hiyo, lakini usinichukulie shida ya nafasi ukaivalisha kanzu. Halafu hicho kitabu mimi nimepewa kama faili, liko kwenye folda, halifunguliwi na mtu.

KITO: Lifungue wewe.

ZUHURA: Na kwa nini nikiifungua faili ni halali, nikishusha ugumu ni haramu? Zote mbili ni mimi kutafuta msaada nje ya ngazi.

KITO: Moja inakufundisha kucheza, nyingine inacheza badala yako.

ZUHURA: Kwa dakika 2!

KITO: Kwa dakika 2 zilizokua na maana kuliko zote.

ZUHURA: Mimi nimebaki na saa moja ya kucheza usiku, mtoto akishalala. Siku ile hizo mara 11 zilinimalizia saa yangu yote. Kama nisingeshusha nisingerudi tena, ningekua nimeifuta, na wewe leo ungekua unaongea peke yako na karatasi yako. Ungefurahi hivyo?

KITO: ...Ningesikitika. Lakini ningesema umeiacha kihalali.

ZUHURA: Sikia huyu! Afadhali niiache kuliko niicheze vibaya?

KITO: Ndiyo.

ZUHURA: Kweli kabisa?

KITO: Nimesema ndiyo. Na ninajua inavyosikika.

ZUHURA: Basi andika hapo kwenye karatasi, jambo la 6, Kito hataki wageni.

KITO: Sio wageni, dada... haya, tuache. Hatutafika.

ZUHURA: Hatufiki. Mimi bado naona nilifanya sawa.

KITO: Na mimi bado naona umepita dirishani.

ZUHURA: Dirishani lakini nimevaa. Sio kama Imoen.

KITO: [kicheko] Umemrudishia lile vazi?

ZUHURA: Ee... sijamrudishia. Niliuza.

KITO: Uliuza!

ZUHURA: Nilikua nahitaji hela! Nilidhani ni vazi la mkosi!

KITO: Jamani. Saa inaniambia zimebaki dakika 2. La pili lilikua Fallout ya 1997 na zile siku 150 za kutafuta chipu ya maji, la tatu Morrowind na kuelekezwa njia kwa mdomo bila alama kwenye ramani, la nne...

ZUHURA: La nne?

KITO: Mwandiko wangu. Kuna neno "kitunguu" hapa, sijui nlimaanisha nini.

ZUHURA: Weka chini hiyo karatasi. Niambie kitu kimoja tu, nikiwa Nashkel kwenye ile migodi, silaha za chuma zinakatika ovyo mkononi, hiyo nayo ni kasoro au makusudi?

KITO: Makusudi, ndo stori yenyewe, chuma cha eneo lote kina shida. Beba ya akiba. Halafu mnunulie mtoto nguo kabla hujamwingiza mgodini.

ZUHURA: Ntamnunulia. Nikikwama ntashusha ugumu.

KITO: Usinipigie simu ukishusha.

ZUHURA: Ntakupigia nikiwa nashusha. Ntakuweka spika.