Kufungua mkondo wa sauti kwa Python: kutoka kwenye maiki hadi kwenye hedifoni

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunafungua mikondo ya sauti kwa Python. Mmoja unaingiza sauti kutoka kwenye maiki, mwingine unaitoa kwenye hedifoni, kisha tutaiunganisha iende pamoja. Niko Mikindani, feni nimeizima, kwa hiyo mkiniona natokwa na jasho msishangae. Maiki hii inasikia kila kitu, hata malori ya korosho yanayopita barabara ya Lindi.

Wengi mnaoniandikia mna jambo la kurekodi: huyu anataka hadithi za bibi yake kule Newala, yule ana kikundi cha ngoma ya sindimba. Basi tuanze.

Maktaba tunayotumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari tunaouita kutoka kwenye programu yetu, inaitwa sounddevice, kazi ya Matthias Geier. Chini yake ipo nyingine ya lugha ya C, PortAudio, iliyoanzishwa na Ross Bencina na Phil Burk na kutambulishwa mwaka 2001. Audacity nayo imejengwa juu ya hiyohiyo. Nawatajia kwa sababu makosa mtakayoyaona kwenye skrini yatakuja kwa jina la PortAudio, na mtu asiyeijua hudhani kompyuta yake imeingiliwa.

Fungua dirisha la amri, andika:

pip install sounddevice numpy

Kwenye Windows na Mac, PortAudio inakuja humohumo. Ukiwa kwenye Linux kama Ubuntu, ongeza sudo apt install libportaudio2. Hiyo numpy ni maktaba ya kuhesabu namba nyingi kwa pamoja. Hapo tumemaliza kusakinisha.

Sasa nakuomba usifungue mkondo bado. Watu wengi hukwama hapa: wananakili mistari kutoka mahali, wanabonyeza Enter, inagoma, wanaanza kulaumu maiki. Kwanza, ndani ya Python, ulizia vifaa ulivyonavyo:

import sounddevice as sd
print(sd.query_devices())

Tazama orodha yangu. Maiki nimechomeka moja tu ya USB, lakini imejitokeza mara nne. Hazijawa nne. Windows ina njia kadhaa za kuifikia sauti: MME, DirectSound, WASAPI na WDM-KS, na PortAudio inakuonyesha maiki ileile kwa kila njia. Ukiona jina limekatwa mwishoni, hiyo ni MME, haivuki herufi 31. Mimi nachagua WASAPI, haina ucheleweshaji mkubwa. Alama ya > pembeni ni kifaa cha kuingizia kilichowekwa kama chaguo la kawaida, na < ni cha kutolea.

Kwangu maiki ni namba 12. Kwako itakuwa nyingine, na hata kwako inaweza kubadilika ukichomoa na kuchomeka tena. Halafu, ukichomeka maiki wakati programu yako imeshaanza, haitaonekana kwenye orodha. Funga Python, anza upya.

Tumuulize huyu wa 12 tabia zake:

print(sd.query_devices(12))

Ona hapa: max_input_channels ni 1, default_samplerate ni 48000.0. Namba hizi mbili ziandike mahali. Kufungua mkondo ni kupatana na kifaa: chaneli ngapi (moja tu, au mbili za kushoto na kulia), sampuli ngapi kwa sekunde, yaani sauti ipimwe mara ngapi, na kila sampuli iandikwe kwa aina gani ya namba. Ukiomba kisichowezekana, kifaa kinakataa. Ukiomba chaneli 2 kwa maiki ya chaneli moja, utapata kosa -9998. Ukimlazimishia WASAPI 44100 wakati Windows imempangia 48000, utapata -9997. Ile 44100 ni ya enzi za CD, imejaa kwenye mifano ya mtandaoni, na ndiyo inayowasumbua wengi wenu. Fuata ya kifaa chako.

Unaweza kujaribu kabla ya kufungua:

sd.check_input_settings(device=12, channels=1, samplerate=48000)

Ikikaa kimya, mmekubaliana. Ikipiga kelele, soma kelele yenyewe.

Sasa tufungue mkondo wa kuingiza:

with sd.InputStream(device=12, channels=1, samplerate=48000) as mkondo:
    for i in range(100):
        data, imemwagika = mkondo.read(4800)
        print(abs(data).max(), imemwagika)

Neno with hapo mwanzo linauanzisha mkondo na kuufunga lenyewe, hata programu ikianguka katikati. Usipolitumia, itakubidi uite start, stop na close kwa mkono wako. Na ukisahau kufunga, mara nyingine maiki inabaki imeshikwa na programu nyingine inaambiwa haipatikani.

read(4800) inachukua fremu 4800 (fremu ni sampuli moja kwa kila chaneli), yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Namba za sauti zinakuja kati ya -1 na 1, na hapa nachapisha ile kubwa kuliko zote. Angalia nikiongea kawaida: 0.12, 0.15, 0.11. Sasa naipiga ngoma hii ndogo karibu na maiki... 0.94, 1.0, 1.0. Hizo 1.0 mbili zinafuatana, usizifurahie. Pigo limepita dari, kichwa chake kimekatwa, na ukisikiliza baadaye utasikia mkwaruzo. Hakuna programu itakayokirudisha vizuri. Sogeza maiki nyuma, au punguza sauti ya kuingiza kwenye mipangilio ya Windows, mpaka pigo zito liishie kama 0.7. Ngoma za kwetu zinaanza polepole halafu zinapandishwa, kwa hiyo pima zikiwa zimepamba moto.

Hicho kitu cha pili, imemwagika, kikisoma True maana yake umechelewa kusoma. Bafa, yaani mahali sauti inapokaa kwa muda ikisubiri kusomwa, ni ndoo chini ya bomba lililo wazi: maji hayakusubiri umalize kupiga soga. Ukiweka kazi nzito ndani ya mzunguko huu, sauti itapotea vipande.

Kutoa sauti ni rahisi zaidi. Tutengeneze mlio wa 440 Hz wa sekunde moja:

import numpy as np
t = np.arange(48000) / 48000
mlio = (0.2 * np.sin(2 * np.pi * 440 * t)).astype('float32')
with sd.OutputStream(device=10, channels=1, samplerate=48000) as toa:
    toa.write(mlio.reshape(-1, 1))

Hedifoni zangu ni namba 10. Ile float32 usiiruke: numpy inatoa float64 (namba za biti 64), mkondo unasubiri float32 (za biti 32), na haupokei nyingine. Na 0.2 ni kwa ajili ya masikio yako.

Sasa tuunganishe. Vaa hedifoni. Nasisitiza hedifoni, kwa sababu ukitumia spika, maiki itaisikia spika, spika itairudia maiki, na utapata ule mlio mkali tunaoujua kwenye harusi pale MC anaposogea karibu na spika.

def pitisha(indata, outdata, frames, time, status):
    if status:
        print(status)
    outdata[:] = indata

with sd.Stream(device=(12, 10), channels=(1, 2), samplerate=48000, latency='low', callback=pitisha):
    input('Bonyeza Enter kufunga')

Hapa mambo yamegeuka. Hatusomi tena sisi. Maktaba ndiyo inayoiita fanksheni ya pitisha kila bafa linapokuwa tayari. Chaneli moja ya maiki inajinakili kwenye masikio yote mawili. Kwenye jozi kama (12, 10), namba ya kwanza ni ya kuingiza na ya pili ya kutolea. Vifaa vyote viwili viwe vya njia moja: ukichanganya MME na WASAPI, utapata -9993.

Ndani ya pitisha fanya kidogo sana. Usiandike faili humo, usiingie mtandaoni. Hiyo print nimeiacha kwa majaribio tu. Ukitaka kurekodi, weka indata.copy() kwenye foleni ya queue.Queue, kisha nje yake ndipo uandike faili. Bila copy utaharibikiwa, kwa kuwa maktaba inalitumia bafa lilelile kwa sauti inayofuata, na utajikuta umehifadhi takataka.

Ukisikia mkatikokatiko, ondoa latency='low'; utajisikia kwa kuchelewa kidogo lakini sauti itakuwa nzima. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya laptopu uone kama unaisha.

Kwenye maoni, ukikwama niandikie namba ya kosa na jina la njia uliyochagua kwenye ile orodha. Ukiniandikia "haifanyi kazi" peke yake, nitakuuliza hayohayo mawili.