Watoto wa viwango tofauti, barafu moja: namna ya kuendesha kipindi

Karibuni, walimu wenzangu wa kuteleza kwenye barafu. Hawa mnaowaona nyuma yangu ni watoto kumi na mmoja. Wanne leo ndiyo mara yao ya kwanza kukanyaga barafu, watano wanaserereka mbele bila kushikwa, na wawili wameshaanza kurudi kinyumenyume. Kocha ni mimi peke yangu, na tuna nusu saa.

Mimi kazi hii niliianzia Nairobi, kwenye uwanja wa barafu wa Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005. Ndipo walipofanyia mazoezi hata Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu. Uwanja ule ni mdogo sana ukilinganisha na wa hoki ya kimataifa wenye urefu wa mita 60, kwa hiyo wanaoanza na wanaojua walikutana tu, utake usitake. Ninachokwenda kuwaonyesha nilikipata pale: zoezi linakuwa moja kwa wote, ila kila mtoto analifanya kwa kiwango chake.

Tuanze na viatu, tena kwa makini, maana machozi mengi ya siku ya kwanza yanatokea hapa. Soksi ni moja, nyembamba. Wazazi wakiogopa baridi huvalisha mbili au tatu, na mguu unaanza kucheza ndani ya kiatu. Mwambie mtoto apigepige kisigino chini mpaka kikae nyuma kabisa, halafu ufunge kamba. Vidoleni zilegee kidogo, kwenye kifundo zikaze. Angalia hapa: kidole changu kimoja kinapita nyuma ya kifundo. Vikipita viwili, fungua uanze upya. Helmeti na glavu ni lazima kwa kila mtoto.

Tukishaingia kwenye barafu, tunaanguka. Wote, hata wale wawili wazoefu. Kunja magoti, jilaze upande wa paja, kidevu kifuani, ngumi ukizifumba ili vidole visije vikakanyagwa na chuma cha kiatu cha mwenzako. Kuinuka: piga magoti, weka mguu mmoja mbele, mikono yote miwili juu ya goti hilo, sukuma, simama. Wanaoanza wanaangukia pale waliposimama. Wa kati wanaanguka wakitembea. Wazoefu wanaanguka wakiwa kwenye mwendo na kuinuka bila kugusa chini kwa mkono. Mnaona? Zoezi ni lile lile.

Sasa chukua kalamu ya maka, chora mistari miwili juu ya barafu upate njia tatu. Wanaoanza wape njia ya pembeni, lakini hatua mbili kutoka ukutani. Mtoto akiuzoea ukuta, mwili wote unauegemea, na siku ukimtoa pale ni kama hajawahi kufundishwa.

Zoezi kuu la leo ni samaki. Visigino pamoja, vidole nje, kunja magoti, acha miguu ifunguke. Kisha geuza vidole ndani, miguu irudi kukutana. Kamera isogee hapa chini tafadhali. Umeona alama mbili za vyuma vya viatu zinavyotanuka na kukutana tena? Huyo ndiye samaki. Watoto wangu huinama kuhesabu samaki wao, na mtu akiinama kutazama, magoti yanakunjika yenyewe. Wale wanne wapya hawachori samaki bado: wanapiga hatua tatu za askari, moja, mbili, tatu, wanatulia na kuiacha miguu iserereke hadi isimame. Wazoefu wanachora samaki kinyumenyume. Usipange foleni. Kila njia wanaondoka pamoja kwa filimbi, kwa sababu mtoto akisimama dakika mbili anapata baridi, na akipata baridi anadai mama yake.

Hapa niseme jambo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa na msichana hodari, nikamfanya msaidizi wangu kila kipindi: shika huyu, inua yule. Baada ya wiki chache akaacha kuja. Mama yake akaniambia, "Kocha, anasema hafundishwi kitu." Alisema kweli. Siku hizi mzoefu ana zoezi lake, na ninakwenda kulitazama kwa macho yangu, angalau mara tatu katika kila kipindi.

Malizia kwa zoezi la kusimamisha mwendo. Miguu imetengana, sukuma kisigino kimoja nje ukiikwangua barafu, usikilize ule mkwaruzo. Nawauliza, "Theluji iko wapi?" Kila mmoja ananionyesha kijirundo chake. Wazoefu wasimamishe mwendo kwa mguu wa kushoto, kwani karibu wote hupenda wa kulia.

Wakitoka, kila mtoto apewe kitambaa kikavu afute vyuma vya viatu vyake mwenyewe, kuanzia kisiginoni kwenda mbele, vidole vikae mbali na makali. Vikifungiwa kwenye begi na maji, kesho utavikuta na kutu.