Kabla ya Kununua Kadi, Hesabu Vyumba

Ndugu zangu, asalaam alaykum, na habari za mchana. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili hapa Tanga. Nalirudia kwa sababu juzi nimeona tena fedha ya mtu ikipotea: usinunue kifaa chochote cha kompyuta kabla hujajua kilichojaa ni kipi.

Kuna kijana wa Ngamiani, anachora ramani za nyumba kwa AutoCAD na kutengeneza mabango kwa Photoshop. Anayo mashine kuukuu ya kukatia stika, ambayo programu yake haikubali ila Windows 7. Basi akafunga VirtualBox, na humo akaweka mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, yenye Windows 7. Akili nzuri kabisa. Lakini kila akifungua vyote pamoja, kompyuta inastaki. Akashauriwa anunue kadi ya grafiki, kifaa cha kushughulikia picha. Mama yake akatoa fedha ya upatu, kadi ikaletwa kutoka Dar es Salaam, ikafungwa. Kompyuta ikastaki vilevile.

Nilipofika nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager inayoonyesha kilichojaa, nikamwonyesha: RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizofunguliwa, imejaa pomoni, kadi mpya haina kazi. Kompyuta ina gigabaiti 8, na 4 kati ya hizo amezikabidhi mashine pepe.

Nisikilizeni vizuri. Nyumba zetu za Ngamiani mnazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Ukishapangisha chumba, mpangaji akatia kufuli akaenda Pangani wiki nzima, wewe mwenye nyumba huna pa kumlaza mgeni. Mashine pepe ndiye mpangaji huyo. Maadamu imewashwa, RAM uliyoipa usiihesabu tena kuwa yako. Zile 4 zilizobaki zinagombewa na Windows ya mwenye nyumba, AutoCAD na Photoshop. Zisipotosha, mizigo inahamishiwa kwenye diski, na yake ni ile ya kuzunguka, isiyo na kasi. Hapo ndipo hata kipanya kinapoganda.

Tukaizima mashine pepe, tukaipunguzia hadi gigabaiti 2, maana Windows 7 yake ni ya biti 32 na kazi yake ni kukata stika tu. Hatukutoa hata senti. Baadaye akaongeza RAM ya gigabaiti 8 kwenye sloti iliyokuwa wazi, na sasa anafanya kazi. Fedha ya mama haikurudi, na hilo ndilo linaloniuma.

Najua yupo anayesema moyoni: “Mwalimu, mimi natengeneza picha za 3D, kadi naihitaji.” Kweli, ukirenda kwa Blender, yaani ukigeuza mchoro wa 3D kuwa picha kamili, kadi inabeba kazi kubwa, nunua. Lakini usitegemee ikusaidie ndani ya VirtualBox. Humo mashine pepe haipewi kadi yako, inapewa kadi ya kuigiza. Na mchoraji wa ramani bapa kwa AutoCAD anategemea zaidi kasi ya kori moja ya prosesa, yaani kitengo kimoja cha kufanyia hesabu. Kori 16 hazitamchorea mara 16 upesi, asikudanganye mtu dukani!

Mengine nayapitia mbio. RAM ina vizazi: ya DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR5, kwa hiyo itazame mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, kwanza. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ikiwa ya aina ya SATA inasoma kama megabaiti 500 kwa sekunde, diski ya kuzunguka ni 100 na ushei. Faili la mashine pepe lihamishie kwenye SSD. VT-x au AMD-V, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, uwashwe kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Na kwa kuwa Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hakikisha kompyuta yako inakubali Windows 11 kabla ya kuimwagia fedha. Umeme na hewa ya chumvi tuviache, muda umekwisha.

Naona wengi mmekuja na laptopu. Zifungueni. Washeni kila mnachotumia siku ya kazi nzito, na mashine pepe pia, kisha mbonyeze vile vitufe vitatu. Wewe binti wa safu ya mbele, tuanze nawe: RAM yako imefika ngapi?