Gole la Kuku: Mshike Asubuhi Kabla Hujamlisha
Mhadhara kwa wafugaji wa kuku wa nyumbani, Kayole, Nairobi

Kina mama, wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni, hamjambo? Asanteni kwa kuitoa Jumapili yenu. Kwenye kikapu hiki nina kuku wawili, tutawatoa baadaye.

Nianze kwa swali. Nani leo amemshika kuku wake shingoni kabla ya kumpa chakula? Naona mikono mitatu tu. Basi tumefika mahali pake, kwa sababu shida ninayoizungumzia haionekani kwa macho mpaka imechelewa. Inajulikana kwa vidole.

Kuku hana meno. Punje ya mahindi anaimeza nzima, nayo inatua kwenye kifuko kilicho chini ya shingo, mbele ya kifua, kikiegemea upande wa kulia. Kiswahili chake ni gole. Humo chakula kinalowa na kulainika, kisha kinateremka kidogo kidogo hadi kwenye tumbo la asidi, halafu firigisi, ambako vijiwe alivyovimeza vinakisaga. Jioni, kabla ya kupanda kulala, kuku hulijaza gole lake pomoni. Hiyo ndiyo akiba ya usiku. Alfajiri linapaswa kuwa tupu, ngozi imelala. Kwa hiyo kuku mwenye gole lililojaa saa kumi na mbili jioni ni mzima. Gole likiwa bado limejaa saa kumi na mbili asubuhi, na hajala kitu, kuna jambo.

Ukilishika, vidole vitakuambia ni jambo gani. Likiwa gumu kama donge la unga uliokandwa, limeziba. Likiwa teketeke kama puto lenye maji, na mdomo wa kuku unanuka kama busaa iliyochacha, basi limechacha kweli: kuvu jamii ya hamira, jina lake Candida, limeota humo ndani. Likining'inia kama mkoba hadi kifuani, misuli yake imelegea, na hiyo mara nyingi hairudi. Huyo mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na usimtotoleshe.

Nisikilizeni kwa makini hapa. Zamani nilikuwa na kuku mweusi, mtagaji mzuri sana, gole lake likachacha. Niliambiwa nimwinamishe kichwa chini nilikamue. Nilifanya hivyo. Maji machafu yalitoka mdomoni, nikaona kama nimefaulu, kumbe mengine yameingia kwenye koo la hewa. Alikufa mikononi mwangu kwa muda mfupi tu. Mpaka leo nikisikia mtu anashauri hivyo, moyo unaniuma. Tafadhali, msimpindue kuku kichwa chini. Kama ni lazima gole likamuliwe, hiyo kazi mwachieni daktari wa mifugo.

Sasa ufanye nini? Mtenge peke yake, mahali pakavu na penye joto. Mnyime chakula kwa saa kumi na mbili, zisizidi ishirini na nne, lakini maji safi yawepo muda wote. Aliyeziba mpe mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai, ukimdondoshea tone moja moja pembeni mwa mdomo na kumsubiri ameze. Kisha lisugue gole taratibu kwa vidole, dakika tano hivi, ukilivunja donge. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Likianza kulainika na kinyesi kikitoka, mpe chakula cha kutagia kilicholowekwa kiwe uji mzito, kidogo tu. Siku mbili zikipita donge liko vilevile, au anahema mdomo wazi, usiendelee kusugua. Mpeleke kwa daktari.

Nimebeba kitu hapa, kipitisheni mkono kwa mkono. Ni donge lililotoka kwa kuku wa jirani yangu, kubwa kama ndimu. Daktari alilipasua gole, akalitoa, akashona gole kwanza kisha ngozi. Kuku yupo, anataga. Litazameni vizuri. Hayo majani marefu makavu mnayajua. Huo uzi mweupe ni wa gunia la naironi. Na hizo nyeusi ni nywele za kusukia, kutoka saluni iliyo mlango wa pili.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwetu tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini nyua zetu bado zimejaa nyuzi, makaratasi ya maziwa na nywele. Fagieni kabla hamjawafungulia kuku. Nyasi mkiwakatia, zikatwe fupi kama urefu wa kidole gumba. Na msiwaache na njaa siku nzima kisha mkawamwagia chakula kwa mkupuo jioni; kuku mwenye njaa hula kwa pupa akajiziba mwenyewe.

Kuku aliyefungiwa kwenye sakafu ya saruji naye hawezi kujitafutia vijiwe. Mwekee changarawe ngumu kwenye kopo, yenye ukubwa wa punje ya mtama.

Swali la mama pale: je, maganda ya mayai hayatoshi? Hayatoshi, mama. Maganda na chaza ni chokaa, yanayeyuka tumboni. Yanasaidia gamba la yai, lakini hayasagi chakula. Weka vyote, kila kimoja kwenye kopo lake.

Gole lililochacha ndipo wengi tunapokosea. Mtu anakimbilia agroveti, anarudi na ile dawa ya unga ya manjano ya kutia kwenye maji. Hiyo ni antibiotiki. Inaua bakteria, na baadhi yao ndio wanaolizuia kuvu lisienee. Ukiitumia ovyo, umelifungulia kuvu mlango. Dawa ya kuvu ipo, inaitwa nistatini, na daktari ndiye atakayekupimia. Mabaki ya mandazi na mkate wenye sukari yaachwe, ugali wenye ukungu utupwe kabisa, na chombo cha maji kisuguliwe kila siku, kisimwagwe tu na kujazwa tena.

Kijana ameuliza kuhusu siki ya tufaha. Wengi huitia kidogo kwenye maji. Mimi siwezi kukuahidi kwamba inaponya. Usiifanye ikawa badala ya daktari.

Jambo jingine, na hili ni zito. Wakati mwingine gole ni dalili tu. Minyoo, au ugonjwa wa Marek unaoharibu mishipa ya fahamu, unaweza kulifanya lisimame. Kuku wengi wakiugua kwa pamoja, gole limejaa maji, kinyesi cha kijani, shingo inapinda, hicho kinaweza kuwa kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Hapo usikae unasugua gole. Funga banda, asiingie wala kutoka kuku, na umwite daktari siku hiyohiyo. Akifa, mzoga uupoze bila kuugandisha, uupeleke maabara ya mifugo kule Kabete wakaupasue. Utajua kilichomuua kabla hakijamaliza waliobaki.

Haya, tuwatoe kuku. Huyu mwekundu amekula nusu saa iliyopita. Huyu wa madoadoa hajala tangu jana jioni. Njooni wawili wawili, mkishanawa mikono. Mshike kwa kumkumbatia, mabawa yakiwa yamebanwa, kichwa juu. Shusha vidole viwili kutoka shingoni, polepole, upande wa kulia. Mama, wewe anza na mwekundu.